Goti jipya haliumi, mbona bado unachechemea?

Wengi wanaokuja kwetu kupimwa mwendo baada ya kubadilishiwa goti au nyonga huanza hivi: "Maumivu yameisha, nimepona." Tukiwaomba watembee kwenye korido wanatembea vizuri kweli, mgongo umenyooka, maana wanajua wanatazamwa. Wakishavuka geti, mguu unarudia mazoea yake.

Mazoea hayo yana sababu. Aliyeumwa goti miaka mingi amezoea kuuegemea mguu mzima, na msuli wa mbele wa paja la upande mbovu umepungua nguvu. Upasuaji huondoa kiungo kilichosagika, lakini msuli hauamki siku ileile. Mara nyingi hubaki nyuma kwa miezi mingi baada ya maumivu kwisha. Huku nyuma goti la pili, ambalo halijapasuliwa, ndilo linalobeba mzigo.

Ndiyo maana tunatumia vihisi. Ni vidude vyenye ukubwa wa kiberiti, tunavifunga kwa mkanda juu kidogo ya kifundo cha mguu, kila mguu chake. Vinasoma mwendo mara nyingi kila sekunde: kasi inavyopanda na kushuka, mguu unavyogeuka. Kwa mwendo wa kawaida, tangu kisigino kiguse chini hadi kiguse tena, mguu hukaa chini takribani asilimia 60 ya muda huo na hewani asilimia 40. Uliopasuliwa ukigusa chini na kunyanyuka haraka kuliko mwenzake, tunaliona, hata kama kwa macho hachechemei. Goti nalo hujikunja kama nyuzi 60 mguu ukiwa hewani. Likikakamaa, mtu huinua nyonga ili aurushe mguu, kisha anashangaa kiuno kinauma.

Unaondoka navyo, uende navyo sokoni na kwenye ngazi za nyumbani. Wengi wanauliza: hapana, havirekodi sauti wala picha.

Havijui kila kitu, lakini. Ukipata homa, kidonda kikitoa maji, au kigimbi kikivimba na kuuma, rudi kwa daktari aliyekupasua siku hiyohiyo. Usisubiri miadi yetu.

Siku ya kipimo njoo na viatu unavyovaa kila siku, si raba mpya za kupendeza, na gongo lako kama bado unalitumia. Mwenye dera au kanzu asihangaike kubadilisha. Mkanda unafungwa kwa ndani.