Idi Mubarak! Akili yangu mie iko Kilwa

Haya jamani mwezi ushaandama, Idi Mubarak kwenu nyote, minal aidina wal faizina, Mungu atutakabalie funga zetu na atufikishe mwakani tukiwa wazima.

Mie Idi hii akili yangu iko Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha pwani ya kusini ya Tanzania, kwenye ule Msikiti Mkuu wa masultani wa zamani. Nimevuka na mashua toka Kilwa Masoko mara moja tu, ila mpaka leo nikifumba macho naziona zile nguzo za pembe nane, safu kwa safu, mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe hayohayo yamechomwa, yaani bahari ndo imejenga msikiti! Upande wa kaskazini ndo mkongwe, wa karne ya 11 au 12, mdogo tu, paa la bapa limebebwa na nguzo za mbao, halafu karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akauongeza kusini ukawa mkubwa kwelikweli na kuba lake juu. Sehemu kubwa ya alichojenga ikaja kuporomoka, karne ya 15 watu wakaanza upya, na hizo nguzo tunazoziona leo ndo kazi yao.

Sultani huyo Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alimkuta mwaka 1331, wenyewe wakimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Anasimulia kwamba Ijumaa moja katoka kuswali anarudi kwake, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, palepale, na sultani akarudi akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nyingine, zile akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi, na baba akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapo kwa watumwa roho inaniuma, binadamu kutolewa zawadi, siwezi kuisimulia nusu nikaiacha hiyo. Lakini ile ya kuvua nguo aliyoiswalia Ijumaa akampa asiyemjua, kila Idi inanirudia.

Basi kama fitri hujatoa, toa sasa kabla ya swala, jirani yako naye apike leo. Watoto msiwasahau mkono wa Idi, na mlio mbali na nyumbani pigeni simu, wazee wanasubiri.