Mheshimiwa, Jumatano wagonjwa wa kifafa wanakuja tena: barua ya wazi kutoka Tanga

Kwako Mheshimiwa uliyepewa dhamana ya afya zetu,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia nikiwa nimetoka zamu ya usiku. Nimeshaandika mara 3 kupitia kwa wakubwa wangu, kama utaratibu unavyotaka, na sikujibiwa. Leo naandika mbele za watu.

Mimi ni muuguzi. Nimesomea wagonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na huu ni mwaka wa 9 nawahudumia: waliopooza kwa kiharusi, walioumia kichwa kwa ajali za bodaboda, na kila Jumatano, kliniki ya kifafa. Kliniki hiyo naiendesha mimi. Daktari bingwa huja anapopata nafasi.

Alhamisi aliletwa kijana wa miaka 16 kutoka Muheza. Namjua tangu ana miaka 9, alipokuja na mkono ulioungua kwa kuangukia jikoni. Kwa fenobabitoni, kidonge ambacho bei yake haifiki ya soda, alikaa miaka 4 bila kuanguka, akarudi shule. Alhamisi hiyo alianguka saa 10 alfajiri, na alipofikishwa kwetu saa 11 na nusu alikuwa bado anatukutika. Mheshimiwa, kifafa kikipita dakika 5 bila kuachia ni dharura, maana kadiri kinavyoendelea ndivyo ubongo unavyoumia. Tulimchoma diazepamu, dawa ya kukizima kifafa, tukamwekea oksijeni. Kwenye kipimo cha Glasgow, ambacho mwenye fahamu kamili hupata 15 na cha chini kabisa ni 3, yeye alipata 6. Leo anafumbua macho, lakini hamtambui mama yake.

Yule mama anauza machungwa kando ya barabara. Hakunilaumu. Alifungua kanga akatoa bahasha tupu ya dawa, yenye mwandiko wangu: kimoja kila usiku, usikatize.

Miaka yote nawasisitizia hilo. Hata ukijiona mzima, meza. Hata mwezi wa Ramadhani, meza usiku. Ukiikatiza ghafla, kifafa kinaweza kurudi na nguvu kuliko mwanzo. Kisha wanafika dirishani wanaambiwa dawa hakuna, na hii ni wiki ya 6. Anayewafundisha wasikatize ni mimi, na anayewarudisha mikono mitupu ni mimi.

Nahisi tatizo ni kwamba fenobabitoni ni dawa ya kudhibitiwa, makaratasi yake ni mengi na bei yake ni ndogo, basi hakuna wa kuihangaikia. Labda pia ni kwa kuwa bado wapo wanaoamini kifafa ni mashetani. Majirani walimtaka yule mama ampeleke mwanawe kwa mganga. Mimi ndiye niliyemsihi aiamini hospitali. Sasa nimwambie nini?

Mwezi wa tatu ulisimama kati ya vitanda vyetu ukasema ndani ya siku 30 tatizo la dawa litakwisha. Tulikupigia makofi, na mimi nilipiga kwa dhati. Imetimia miezi minne.

Sitaficha na yangu. Usiku tunabaki wawili kwa wagonjwa 28, na aliyepooza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda. Mgongo umeniisha. Posho ya zamu za usiku sijaiona tangu mwaka jana. Nimetoa mshahara wangu kuwanunulia wagonjwa vidonge kwenye famasi za Ngamiani hadi mwanangu akafukuzwa shule kwa kukosa ada. Nimechoka, Mheshimiwa, nimechoka kweli. Lakini posho inaweza kusubiri. Hata mwuguzi wa tatu anaweza kusubiri. Dawa haiwezi.

Kliniki inafunguliwa saa 2 asubuhi. Wanaotoka Kilindi huondoka Jumanne, wengine wakalala stendi ya Kange na watoto wao. Sikuombi ziara nyingine wala kikao. Naomba fenobabitoni na kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ziwe dirishani kabla ya Jumatano. Dawa tu, Mheshimiwa. Kabla ya Jumatano.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi, Tanga