Somo yangu, ulisema Mombasa imeendelea

Mikindani, Mombasa
Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na za Mama juu yake. Tangu uondoke na treni ya alasiri, neno lako halinitoki. Ulisimama pale stesheni ya Miritini, ukaliangalia lile paa kubwa, ukasema, "Mombasa imeendelea, yakhe." Abiria walikuwa washaanza kuitwa, sikupata nafasi ya kukujibu. Nakujibu sasa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimtumia Mama pesa kabla ya M-Pesa kuja 2007? Bahasha inatoka Nairobi mkononi mwa kondakta, inafika Mwembe Tayari, inalala ofisini hadi mtu apate nauli ya kuifuata. Mwaka ule presha ilipomshika vibaya, bahasha yako ilichelewa siku nne, na dawa zilikuwa zimekwisha siku ya pili. Sisahau siku zile mbili. Leo simu ikilia, Mama anafungua pindo la leso, anaishika mbali kwa ajili ya macho yake, anazisoma tarakimu moja moja kwa sauti, kisha anamtuma kijana duka la dawa. Nusu saa haiishi, dawa ziko mezani. Hapo sina ubishi nawe. Hayo ni maendeleo, na anayebisha hajawahi kungojea bahasha.

Lakini mwaka huohuo wa 2007, hapahapa kwetu Mikindani, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiliwashwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Nayo pia ni teknolojia, somo. Risasi ya betri iliyokufa huzaa betri mpya, na kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu ina faida kubwa. Pale ukuta wa kiwanda ulipakana na nyumba za watu. Moshi ukatua juu ya mabati mpaka yakaoza, maji machafu yakapita kwenye njia ambazo watoto huchezea. Na risasi haina kelele. Inaingia damuni, inajificha mifupani, na mtoto ndiye anayeumia zaidi kwa kuwa ubongo wake ungali unakua. Unamwona anacheza, kumbe shuleni hashiki kitu.

Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho. Mwanawe, akiwa bado ananyonya, aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Hakukubali kunyamaza. Akakamatwa, akatishwa, akaendelea, na kiwanda kikafungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Ikakatwa rufaa, fidia hiyo ikafutwa, na ni Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Hesabu mwenyewe: kutoka tanuri kuzimwa hadi neno la mwisho la mahakama, miaka 10. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza alikuwa ameshaota ndevu.

Kila nikipita pale naiona simu ya Mama na tanuri lile kwa pamoja. Simu ilimkuta Mama na shida yake, ikaiondoa. Tanuri liliwakuta watu hawana shida nalo, likawaletea. Pato lilikwenda kwingine, ila sumu iliwabakia wao.

Sasa hiyo treni yako. Naipenda, sitakudanganya. Safari iliyokuwa ikila usiku mzima sasa ni saa tano au sita, na mtu anamwona ndovu wa Tsavo dirishani. Abiria tulinufaika tangu ilipoanza 2017. Ila makontena nayo yalipoanza kusukumwa kwa reli kwenda kukaguliwa bara, malori yakakaa bila kazi. Unamjua yule mama wa mbaazi kando ya yadi ya malori Changamwe, tuliyekuwa tukinunua kwake tukitoka shule? Alikuwa akikanda unga kilo 12 kila alfajiri kwa ajili ya madereva na utingo. Ilifika siku akakanda kilo 3, na mahamri mengine akarudi nayo nyumbani. Mwaka 2019 nilikwenda naye kwenye maandamano ya Jumatatu ya kupinga mizigo kulazimishwa kupita kwa reli, yeye na leso yake kiunoni, amesimama katikati ya mawakala wa mizigo na wenye malori. Aliniambia, "Mimi sikatai treni. Nauliza tu, walipoipanga, nilikuwa kwenye hesabu?" Septemba 2022 Rais Ruto aliamuru ukaguzi wa mizigo urudi bandari ya Mombasa. Nilipokwenda kumwona yule mama juzi, alikuwa amefika kilo 7 za unga.

Swali lake ndilo ninalokurudishia, kwa kuwa wewe ndiye unayekaa na watu wa kompyuta huko na sauti yako inasikika. Mkiunda kitu, yule wa kilo 12 awemo mezani kabla hakijawashwa. Mahakamani amechelewa mno.

Jambo jingine ni la Mama. Zamani kondakta alikuwa akija mwenyewe hadi hapa Ijumaa kama ana nafasi, anakunywa chai, anamweleza umekonda au umenona. Pesa zako zinafika, anashukuru, kisha anakaa ameishika simu. Juzi aliniuliza kama kuna namna ya kuujibu ule ujumbe. Mpigie kesho baada ya magharibi, atakuwa amekaa barazani.

Wako wa siku zote.