Dawa za sonona na uzito: mgonjwa aelezwe mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dawa za sonona na mabadiliko ya uzito. Mdogo wangu alipoanzishiwa amitriptilini hakuelezwa kwamba inaweza kuongeza hamu ya kula. Miezi michache baadaye, zipu ya gauni lake la kitenge ilipogoma kufunga, aliacha vidonge kimyakimya, na ugonjwa ukamrudia kwa kishindo.

Si kila anayezitumia hunenepa, wala dawa hizi hazifanani: fluoksetini, kwa mfano, mwanzoni huweza hata kumpunguza mtu uzito kidogo. Kwa hiyo naomba kliniki zimpime mgonjwa uzito siku ya kwanza na kila anaporudi, zimweleze uwezekano huo waziwazi, na akiona mwili unabadilika arudi kwa daktari, asiache dawa ghafla.

Msomaji wako,
Morogoro