Mama mdogo, usiingoje kompyuta

Shikamoo mama mdogo,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na jogoo wa jirani. Ati utangoja ile kompyuta ya Ulaya inayogundua kansa ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, ifike Arua, ndipo uonyeshe hilo tumbo linalojaa baada ya matonge mawili. Nakujibu hadharani bila kukutaja, maana wanaongoja hivyo ni wengi.

Habari yenyewe ni kweli. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichapisha matokeo yao mwaka 2025. Akili mnemba ilifundishwa na kujaribiwa kwa picha za ultrasaundi zaidi ya 17,000 za wanawake 3,652, kutoka hospitali 20 katika nchi 8. Katika kutofautisha uvimbe wa kansa na usio wa kansa, ilipatia kwa asilimia 86.3, madaktari mabingwa 82.6, wasio mabingwa 77.7. Hao wa mwisho ndio wanaotupima wengi wetu, kwa hiyo pengo hilo si dogo.

Picha ina uzito kwa sababu hii: uvimbe wa titi huchomwa sindano, kikatolewa kipande kikapimwa. Wa ovari madaktari huogopa kuuchoma, kwa sababu seli za kansa zinaweza kumwagika tumboni. Basi huamua kwa macho: ni mfuko wa maji tu wenye ukuta laini, au ndani mna nyama na damu inapita? Wakikosea upande mmoja, mtu anapasuliwa bure. Wakikosea upande wa pili, anarudishwa nyumbani na Panadol. Jibu la hakika hutoka maabara, mara nyingi baada ya upasuaji.

Lakini kompyuta hiyo husoma picha iliyokwisha kupigwa, na wewe hujapigwa hata moja. Wala usidhani kila mwanamke asiye na dalili apimwe: Uingereza walifuatilia zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi, nusu yao wakipimwa kwa ultrasaundi au kipimo cha damu cha CA-125, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba vifo havikupungua. Wewe dalili unazo: tumbo kujaa, kukojoa kila mara, maumivu chini ya kitovu. Huenda si kansa kabisa. Na kile kipimo cha mlango wa kizazi ulichofanyiwa hakionyeshi ovari.

Ultrasaundi Arua ipo. Wakiona uvimbe, omba maelezo pamoja na picha zenyewe, uje nazo Taasisi ya Kansa ya Uganda, hapa Mulago, Kampala. Nauli ya basi natuma leo. Na baba mdogo mwambie ukweli, hadithi ya vidonda vya tumbo ameshaichoka.