Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: taka za soko zitufikie kabla hazijachanganywa

Mheshimiwa Meya,

Pale soko la Kenya na soko Mzee Laurent-Désiré Kabila, majani ya shu (kabichi), maganda ya ndizi, nyanya zilizopasuka na maembe yaliyooza hufagiliwa pamoja na sakoshi za plastiki, betri na majivu ya makala (makaa). Ikifika saa sita mchana yote ni fungu moja lisilofaa kitu. Ombi letu, sisi wakulima wa mboga na wafugaji wa mabuu wa nzi, ni kwamba taka hizo zitengwe palepale kwenye meza ya muuzaji, mabichi kwenye pipa lake na mengine kwenye pipa lingine, na mabichi yachukuliwe kabla ya jua kuwa kali.

Kazi ya mabichi hayo ipo: ni chakula cha mabuu wa nzi askari mweusi, nao hutuachia mbolea. Nzi askari mweusi si yule nzi wa chooni. Akikomaa haumi, hasumbui chakula cha watu, na anaishi siku chache tu za kupandana na kutaga. Wanaokula taka ni mabuu wake. Ndani ya kreti ya sentimita 60 kwa 40 huwekwa mabuu 10,000 wa siku tano, na kilo 15 za taka zilizokatwakatwa, zikitolewa kwa mafungu matatu: siku ya kwanza, ya tano na ya nane. (Hakuna anayehesabu elfu kumi mmoja mmoja: pima gramu mbili, hesabu waliomo, kisha zidisha.) Siku ya 12 kreti inachekechwa. Mabuu wanakwenda kwa wafugaji wa kuku na samaki. Kinachobaki, karibu theluthi ya uzito wa mwanzo, ni mbolea, lakini bado mbichi.

Hapo ndipo wengi huharibu. Mbolea ikitoka kwenye kreti bado ina amonia nyingi na inaendelea kuoza. Ukiitia shambani siku hiyohiyo, miche ya nyanya hukauka kingo za majani na watu husema mabuu ni uongo. Irundikwe chini ya paa kwa wiki nne hadi tano, igeuzwe kila wiki, ibaki na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Kabla ya kuuza, loweka kidogo ndani ya maji, chuja, mwagia mbegu 20 za lengalenga (mchicha) juu ya karatasi, na mbegu nyingine 20 uzimwagie maji matupu. Zikiota chini ya 16 kwenye maji ya mbolea, na zile za maji matupu zimeota vizuri, subiri tena.

Kosa la pili ni maji. Dreshe, yaani machicha ya nafaka ya kiwanda cha bia, ni chakula kizuri, ila ikimiminwa peke yake kreti inakuwa uji, inanuka, mabuu wanapanda kuta na kutoroka, na uchekechaji unashindikana. Ichanganywe na pumba za mahindi mpaka ukikamua ngumi yatoke matone machache tu. Kosa la tatu ni baridi yetu ya Juni na Julai: mabuu wanapenda nyuzi 24 hadi 30, na usiku huo hawali karibu chochote. Kreti zisogezwe pamoja na kufunikwa, na chumba cha kutagia kiwe na paa linalopitisha mwanga, kwa sababu nzi hawa wasipoona jua hawapandani. Miguu ya meza ya mayai isimame ndani ya makopo ya oili chafu, la sivyo siafu watamaliza mayai usiku mmoja.

Sasa faida, na hapa tusidanganyane. Yuria, mbolea ya dukani, ina nitrojeni asilimia 46. Mbolea hii ikiwa kavu ina kama asilimia 2.5. Kwa nitrojeni peke yake, kilo moja ya yuria ni sawa na kilo 18 za mbolea ya mabuu, na si nitrojeni yote itakayofika kwa mmea msimu huo. Anayewaambia wakulima waache yuria kesho anawapotosha. Kinachotulipa ni kuchanganya: tuta la mita 10 kwa 1 lipate kilo 5 za mbolea siku saba kabla ya kupanda, halafu nusu ya yuria iliyozoeleka. Udongo wetu mwekundu, wenye asidi, unashika maji vizuri zaidi na mbolea ya dukani haisombwi haraka. Lakini hesabu hiyo ya kilo 18 inasema jambo jingine pia: ukiibeba mbolea mbali, usafiri unakula faida yote. Ndiyo maana tunaomba kiwanja chenye paa katika komini ya Annexe, karibu na bustani, wala si kule jalalani.

Na kiwanja hicho kisiwe upande unaopokea vumbi la viwanda vya shaba. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakaaji wa Katanga. Kobalti ilikuwa juu mno. Mabuu hawasafishi metali. Kadimi hujikusanya miilini mwao na kuingia kwa kuku, na metali zinazobaki kwenye mbolea huzidi kukolea kadiri taka zinavyopungua uzito. Majani yaliyofagiliwa kando ya barabara ya malori ya madini hatuyataki, hata bure. Tunaomba Kitivo cha Kilimo kipime sampuli za taka, za mbolea na za udongo wa bustani kabla ya gunia la kwanza kuuzwa, na kila gunia liandikwe mabuu walilishwa nini na tarehe ya kurundikwa.

Bustani nyingi huanza matuta ya kiangazi mwezi wa tano. Siku 12 za kreti na wiki tano za kurundika ni wiki saba karibu kamili. Ili mbolea iwe tayari tarehe 1 Mei, mapipa mawili yawe yamefika sokoni tarehe 13 Machi.

Wakulima wa mboga na wafugaji wa mabuu,
Lubumbashi