Risala ya Wacheza Bao wa Usiku, Ng'ambo, Unguja, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheha wetu mpendwa,
Masheikh, wazee wetu na walimu wa skuli,
Wacheza bao wenzetu mliotoka shehia za jirani,
Mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha jioni hii. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi juu ya majamvi. Umefika saa ile ile iliyoandikwa katika barua ya mwaliko. Wazee wetu wameliona hilo na wamefurahi sana, kwa kuwa hawakulizoea.

Mheshimiwa, historia yetu tutaipita haraka. Bao limechezwa katika mwambao huu tangu enzi za mababu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitaja katika mashairi yake, na Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na uzito wa kazi aliyokuwa nayo, alikuwa akikaa kulicheza. Kikundi hiki kilianza na wazee wanne na bao moja chini ya mwembe huu huu uliokaa kivulini mwake. Leo kina wanachama 31, mabao 6, keram moja na dhumna seti mbili. Tunakutana kila Jumanne na Jumamosi baada ya sala ya Isha mpaka saa 5 na nusu usiku.

Mafanikio ni makubwa, nasi tunayasema kwa fahari. Katika mabao yetu 6, manne ni ya mfenesi na mawili ya mwembe, na yote yamechongwa na fundi wa mtaa huu. Kijana mmoja anauza kahawa hapa, madele mawili kwa usiku, na kwa hiyo kikundi kimefungua ajira. Kete zetu zote ni komwe halisi. Vijana wetu wameziokota wenyewe ufukweni na kwenye vichaka vya mkomwe, na asiyeujua mkomwe aulize mikono yao, maana maganda yake yana miiba kama ya nungunungu. Gololi tulizijaribu tukaziacha: zinateleza, zinarudi kwenye shimo zilikotoka, na chini ya taa zinang'aa mpaka jicho linakosea hesabu. Komwe hutua na kutulia.

Fahari yetu kubwa zaidi ni watoto. Kila Jumapili baada ya Alasiri tunawafundisha bao la kujifunza, ambalo kila shimo kati ya mashimo 32 linawekwa kete 2 na mchezo unaanzia moja kwa moja kwenye mtaji, yaani hatua ya kucheza kete zilizomo ubaoni tu. Mtoto akishaweza kuhesabu mwendo wa kete bila kugusa shimo, ndipo anapopandishwa bao lenyewe. Hapo anafundishwa kupanga: kete 6 ndani ya nyumba, shimo kuu la safu ya mbele, kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya kulia kwa nyumba hiyo, na 22 zinabaki mkononi za kunamulia, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi ni 32, na kwa mwenzake vivyo hivyo, jumla 64. Mwalimu mmoja wa hesabu aliyeko mbele yako amekiri kwamba watoto hawa hawahitaji vidole katika kutoa na kujumlisha. Katika kikundi cha ukubwa huu hatujui mafanikio gani yanayopita hayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hayo yametosha. Jambo tulilokuitia ni moja nalo ni hili: hatuna paa wala taa. Tunaomba utuvumilie tulieleze kwa urefu, kwa sababu miaka yote limekuwa likielezwa kwa ufupi, na pengine ndiyo maana limesahaulika.

Tuanze na taa. Shimo la bao lina kina. Mwanga ukitoka ubavuni, ukingo wa shimo unatupa kivuli ndani, na kete 6 zinaonekana 5. Kwa mchezaji mzuri kete huhesabiwa kwa jicho, mashimo matano sita mbele, kabla mkono haujanyanyuka. Akikosea moja, kete ya mwisho inaangukia shimo tupu badala ya shimo lenye kete, mwendo unalala, na zamu inakwenda kwa mwenzake. Taa yetu ya sasa ni balbu moja iliyofungwa kwenye tawi la mwembe. Upepo wa kusi ukivuma, tawi linacheza, na kivuli kinahama kutoka safu ya mbele kwenda ya nyuma na kurudi. Mabao mawili yaliyo chini ya tawi ndiyo yanayochezeka. Manne yaliyobaki wazee wanayamulika kwa tochi za simu, mmoja anashika simu badala ya kucheza.

Umeme wenyewe tunauvuta kwa waya wa mita 30 kutoka nyumba ya mzee mmoja, Mungu amlipe kheri. Waya una maungio matatu yaliyofungwa kwa tepu, na mawili kati ya hayo yamelala chini. Ardhi ikilowa tunauchomoa, kwa sababu watoto wanapita peku. Na kwa kuwa umeme ni wa kununua kabla ya kutumia, yuniti za mzee zikiisha, na sisi tumekwisha.

Tunaomba tukuoneshe hasara yake, Mheshimiwa. Mchezaji yuko katika mtaji. Amekula kete 11 za nyumba ya mwenzake na anazigawa moja moja kuanzia kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele. Saba zimeshuka, nne bado ziko katika ngumi yake. Taa inazimika. Yule wa upande wa pili anasema zilizoshuka ni nane. Watazamaji kumi wana majibu kumi. Bao halina daftari la kuandika kila hatua, na hakuna wa kurudisha kete mahali pake kwa uhakika. Inabidi mchezo wa saa nzima ufutwe na kupangwa upya. Ugomvi mwingi uliowahi kutokea kwenye baraza hii umetokana na giza, haukutokana na tabia ya mtu, na tunaomba Sheha wetu awe shahidi.

Sasa paa. Mvua ya masika inaanza Machi mpaka Mei, ya vuli Oktoba mpaka Desemba. Ni nusu ya mwaka. Mvua ikija ghafla, watu wawili wanalinyanyua bao kila mmoja upande wake, na mkono mmoja ukitangulia mwingine kwa vidole viwili tu, komwe za kwenye kimbi, mashimo ya mwishoni mwa safu ya mbele, zinaruka. Tumejaribu turubai. Linakusanya maji katikati, linashuka kama kiriba, na siku lilipokatika kamba lilimwaga juu ya keram. Ubao wa keram ukishalowa unavimba kwenye maungio na hausawaziki tena. Hata bila mvua, unyevu wa usiku unaufanya unga unaonyunyizwa kwenye keram ushikane, kete kubwa ya kupigia inakwama katikati ya njia.

Mabao nayo yanaumia. Bao likilala kwenye ardhi yenye unyevu, tumbo lake linavimba na uso wake unakauka. Linapinda, kisha linapasuka kwa kufuata nyuzi za mti, na ufa hupita pale mti ulipo mwembamba, yaani katika kuta kati ya shimo na shimo. Mabao ya mwembe ndiyo ya mwanzo kupasuka, ya mfenesi yanastahimili zaidi. Tunayapaka mafuta ya nazi, tunayasimamisha yasilale, nyufa tunazijaza kwa unga wa mbao na gundi. Hiyo ni dawa ya mwaka mmoja. Dawa ya kweli ni sakafu kavu na paa juu yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja kwako na ombi la jumla la kusaidiwa. Tumepima na tumehesabu.

Bao moja na wachezaji wake wawili na watazamaji linataka nafasi ya mita 2 na nusu kwa 2 na nusu. Mabao 6 katika safu mbili yanatupa banda la mita 8 kwa 5, wazi pande zote ili upepo upite. Paa la pande mbili litachukua bati 26 za mita 3, yaani 13 kila upande, pamoja na kofia zake mita 9. Tunasisitiza geji 28. Geji 30 ni rahisi, lakini hapa chumvi ya bahari inaifikia, na bati jembamba linaanza kutoboka kwenye misumari kwanza. Sakafu ya inchi 4 pamoja na misingi ya nguzo na lipu juu itataka saruji mifuko 22, kokoto mita za ujazo 4, na mchanga mita za ujazo 2 na nusu. Mchanga uwe wa shimoni. Wa pwani una chumvi, na chumvi inavuta unyevu, kwa hiyo tutakuwa tumejenga sakafu inayolowa yenyewe. Kwa kuwa mchanga ni wa kibali, hapo tunahitaji sauti yako zaidi kuliko fedha yako.

Kwa taa tunaomba sola, tusimtegemee tena mzee na yuniti zake. Taa 6 za wati 7, moja juu ya kila bao, ining'inie katikati, mita 1 na nusu kutoka ubaoni, na iwe na kifuniko ili isichome macho ya waliokaa. Ziwe za mwanga wa njano, kwa sababu nyeupe inaita wadudu na wadudu wanaingia mashimoni. Sita mara saba ni wati 42. Kwa saa 3 na nusu ni wati-saa 147 kwa usiku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inatupa usiku miwili hata jua likikosekana kabisa. Paneli ya wati 100 inatosha kuijaza. Taa ziwe za volti 12 moja kwa moja, tusipoteze umeme kwa kuubadilisha. Bei zote ziko katika karatasi ya pili uliyokabidhiwa, na tumeandika jina la duka na tarehe tuliyouliza, kwa kuwa bei zinapanda.

Upande wetu hatukukaa bure. Nguzo 10 za mvinje tumezinunua kwa michango yetu na zimelazwa juu ya matofali nyuma yako. Ncha za kufukiwa zimepakwa oili chafu kuzuia mchwa. Mafundi wawili ni wanachama na hawatalipwa. Vijana wa kuchanganya zege wako tayari siku yoyote isiyokuwa Ijumaa.

Mheshimiwa, kwa heshima zote na kwa moyo mweupe kabisa, tunaomba pia uujue ukweli wa sehemu hii. Wewe ni mgeni rasmi wetu wa tatu. Wa kwanza aliahidi bati mbele ya hadhara kama hii. Tulipiga makofi, na kesho yake asubuhi tulichimba mashimo 10 ya nguzo, kina cha futi mbili na nusu kila moja. Tulisubiri bati kwa miezi saba. Mtoto mmoja alipoteguka mguu kwenye shimo, tukayafukia wenyewe. Wa pili alisema bati si tatizo, ataanza na taa. Akapigwa picha ameinama juu ya bao, picha nzuri, tunayo mpaka leo. Barua zetu tatu za kumkumbusha zilipokewa na kugongwa muhuri, na nakala zake tunazo. Hatumlaumu mtu. Tunaamini walikuwa na nia njema na majukumu yaliwazidi. Lakini wazee wawili kati ya wale wanne walioanzisha kikundi hiki walitangulia mbele ya haki wakiwa bado wanaulizia bati, na tungekuwa tunakuficha kama tusingekuambia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba mambo matatu kabla hujapanda gari. La kwanza, barua ya kibali cha eneo hili, kwa sababu bila ya barua banda linaweza kubomolewa siku yoyote, na barua hiyo haitakugharimu kitu. La pili, utamke unachokiweza na usichokiweza. Ukisema bati 10, tutapiga makofi ya bati 10 na tutatafuta 16 kwingine. Jibu la hapana pia tutalipokea kwa adabu, kwa kuwa litatuokoa kusubiri. La tatu, umtaje mtu mmoja katika ofisi yako, kwa jina na namba ya simu, ambaye Katibu wetu atamfuatilia. Daftari la kikundi liko mezani mbele yako, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye safu tatu: ahadi, tarehe, na jina la mfuatiliaji. Kalamu iko juu yake.

Bao lililo kulia kwako limekwisha pangwa, kete 64 zimehesabiwa mara mbili. Mzee wetu atafurahi kukukaribisha mchezo mmoja baada ya hotuba yako, kama mwanga utaruhusu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama